Fulana Niliyomvua Mtani Matangani

Dada yangu Chausiku,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea ili nianze maneno bila salamu. Ungenikata jicho hata huko uliko.

Nakuandikia nikiwa chumba cha kufumia, hapa misheni Morogoro, mchana huu ambao wasichana wangu wamekwenda kula. Mbele yangu kuna sanduku la sufu lililoletwa juzi na treni kutoka pwani. Limetoka Ulaya kwa Wajerumani wenyewe, uzi wa rangi ya majivu na uzi mwekundu, na Mama Mkuu wa masista ameniagiza nisimamie kazi. Tufume fulana, kofia na soksi kwa ajili ya watu wa bondeni, upande wa Mikese, ambao mto umewabomolea nyumba wiki iliyopita. Nikamjibu, "Ndiyo, Mama." Mimi ni hodari wa kujibu ndiyo, unanijua. Tangu hapo nimeanza soksi moja mara tatu, na mara tatu nimeifumua.

Mama Mkuu anataka na jambo jingine. Anataka niwaandikie wale kina mama wa Ulaya waliotoa sufu, niwaeleze jinsi nguo hizi zinavyowasaidia watu wetu wakipatwa na maafa. "Wewe uliona kwa macho yako, Luisia," aliniambia. Ni kweli niliona. Ndiyo maana kalamu imekataa kuwaandikia wao, ikaja kwako.

Unakumbuka siku uliyonileta hapa? Mama alikuwa amefariki, mjomba akaamua nikae kwa masista nijifunze kusoma. Wewe tayari ulikuwa na mji wako kule mlimani na shemeji Salumu, lakini ulisema hakuna mtu mwingine atakayenishusha. Kwenye miteremko mikali ulinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa kiasi cha miguu yangu kugonga magoti yako. Tulipofika mlangoni ulinipangusa kamasi kwa ncha ya kaniki yako ukaniambia, "Kajifunze, kisha urudi." Kujifunza nilijifunza. Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyonishinda.

Nilipenda kufuma kuliko kusoma. Sista aliyetufundisha alikuwa mpole, mwenye vidole vyekundu, na akipenda kazi ya mtu huigeuza upande wa ndani na kuitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Mimi kazi yangu aliigeuza mara nyingi. Hakuna msichana aliyenifikia kwa kufuma kola. Nikajiona mtu, dada. Nikaanza kuwasahihisha hata waliokuwa hawajaniomba.

Kisha ikaja masika ile ambayo mlima ulishuka. Habari aliileta baba mmoja aliyekuwa akiuza ndizi misheni. Alitua mzigo wake, akakaa chini kabla ya kusema. Alisema udongo umeteleza na nyumba za upande wenu, nyumba saba. Alisema Chausiku mzima na mtoto wake Mwanahamisi mzima, ila Salumu na mama yake bado wako chini, watu wanachimba. Nilisimama palepale nikatafuta kanga yangu. Sista akanishika mkono, taratibu kabisa, akaniuliza, "Utakwenda na nini, Luisia? Watu wale wana baridi. Tufume kwanza. Usiende mikono mitupu."

Neno hilo liliniingia kwa urahisi kwa sababu ni letu. Nani kwetu anakwenda msibani mikono mitupu? Lakini sisi tukisema hivyo tunamaanisha unga kidogo kwenye ungo, au mkungu wa ndizi, kitu unachokiokota huku unatoka mlangoni. Hatumaanishi ukae chini ukakitengeneze. Nilijua tofauti hiyo. Nilijua, nikakaa.

Tulifuma siku tisa, wasichana kumi na wawili na Sista. Nikuambie ukweli ambao sikukuambia ulipokuwa hai: zilikuwa siku nzuri. Mvua inapiga bati, sindano zinagongana, tunaimba, na kila jioni Sista anapanga zilizokwisha juu ya meza. Mimi nilifuma fulana kubwa ya kijivu yenye kola. Ilipokuwa ikitoka mkononi mwangu nilikuwa nawaza utakavyoishika, utakavyoita majirani waje waone. Wewe siku hizohizo ulikuwa ukichimba udongo kwa jembe lililovunjika mpini, ukimtafuta mumeo.

Nilifika nikiwa na wapagazi wawili na mizigo miwili. Nilikukuta barazani kwa jirani, juu ya mkeka, siku ya mwisho ya matanga. Mwanahamisi amelala mapajani. Kina mama wakaninong'oneza kwamba tangu maziko hujatia kitu tumboni ila maji na uji wa kulazimishwa, na maziwa yalikuwa yameanza kukukauka. Uliinua macho ukasema, "Umekuja."

Nikakujibu, "Nimekuja na mzigo."

Watani wetu walikuwepo, nao walikuwa wamemaliza karibu kazi zao zote. Ndio waliochimba, ndio waliosaidia kuosha na kuzika, ndio waliopika na kututukana huku wakipika, kama ilivyo ada. Ilibaki moja, ya kumvaa marehemu. Wewe ulikulia humo, mimi nilikuwa nimekwisha kusahau: mtani huvaa nguo za aliyekufa, akaiga mwendo wake na maneno yake mpaka watu wacheke na kulia kwa pamoja, na hapo ndipo msiba unapolegea. Siku ile walikwama. Nguo zote za shemeji Salumu zilikuwa chini ya mlima. Alizikwa kwa shuka ya kuazima, na hata kofia yake haikupatikana.

Basi Bi Semeni, yule mtani wetu mwenye sauti ya chiriku, akaufungua mzigo wangu bila kuniuliza. Haki yake. Akachagua palepale fulana yangu yenye kola. Akaingiza miguu kwenye mikono ya fulana, akaifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba, akavaa soksi mikononi na kofia mbili kichwani, moja juu ya nyingine. Kisha akaenda kujikunyata kando ya moto, vilevile kabisa, magoti kidevuni.

"Chausiku," akasema kwa sauti ya puani, "ongeza kuni. Mlima huu unanichukia."

Kila mtu alimwona Salumu. Mwanamume aliyezaliwa mlimani, akafia mlimani, na maisha yake yote akalalamikia baridi kama mgeni wa pwani. Watu wakaanza kucheka chinichini. Bi Semeni akaendelea, "Chausiku, mama yangu alinizaa mbali na jiko, ndiyo kosa. Chausiku, hilo jua nalo limejifunika shuka." Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. Na wewe, dada, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani unalia. Ukainua kichwa, ukafungua mdomo wote, ukacheka na ukamjibu:

"Kuni zimekwisha, baba. Toka ukachanje."

Hapo ndipo nilipofanya nililolifanya. Nilipita katikati ya watu nikamshika Bi Semeni begani. Nikamwambia hizi si nguo za mchezo, zimefumwa kwa sala, wapewe wenye shida. Nikazivuta zile soksi. Nikavuta kofia. Nikamfungua ile kamba, mwanamke aliye sawa na mama yangu, mbele ya watu, mpaka akabaki na kaniki yake. Niliona nimeitetea kazi ya Mungu.

Bi Semeni alinitazama tu. Akasema polepole, "Haya, jamani. Marehemu kavuliwa. Tumzike tena?"

Hakuna aliyecheka. Mjomba aliinuka, akaenda kukamata kuku jike ampe Bi Semeni kufuta kosa, maana kitu alichotwaa mtani msibani hakinyang'anywi, na mtoto aliyelelewa na watu wazima alipaswa kulijua hilo. Mimi nilikuwa nakunja fulana. Nilizipanga zote kwa ukubwa juu ya mkeka, kama Sista alivyonifundisha, nikawaita watu mmoja mmoja, nikampa kila mmoja nikisema Mungu akubariki. Walipokea kwa mikono miwili. Walinishukuru sana. Watu wetu wana adabu, watakushukuru hata ukiwapa kisigino cha kiatu.

Siku ya tatu uliniambia shamba la chini halikuguswa na udongo. "Tukiwa wawili," ulisema, "tunalipanda lote kabla mvua hazijakata." Nikakujibu Sista amenipa ruhusa ya siku nne tu, kwenda na kurudi. Nikakuahidi nitaleta nyingine.

"Nyingine nini?"

"Fulana."

"Haya," ukasema. Nimesikia haya nyingi maishani mwangu. Hakuna iliyokuwa ndefu kama hiyo.

Na kweli nilituma, mizigo miwili, mimi mwenyewe sikuja. Ulipanda nusu ya shamba ukiwa na Mwanahamisi mgongoni, na mwaka ule mlikula magimbi mpaka mkayachukia. Hilo nalo niliambiwa na watu. Nilipopanda mlimani safari iliyofuata, hukuzungumza habari za fulana, nami nikanuna. Naam, nilinuna. Nilisema moyoni, huyu hana shukrani, siku tisa vidole vimeniuma kwa ajili yake. Tangu siku hiyo mimi na wewe tukawa watu wa kuulizana hali. Hujambo, sijambo, mtoto hajambo, basi.

Ndipo mwaka jana ukashuka mjini kuja kuiona treni. Uliiona, ukasema kumbe ni kelele na moshi tu, kama jiko la mke mvivu. Ukakaa kwangu siku tatu. Siku ya pili tulikuwa tunapukuchua maharage uani, mchana, na sijui ni nini kilichonisukuma, nikakuuliza, "Dada, zile nguo zilisaidia?"

Ulianza mbali, kama kawaida yako. Ulisema soksi zilikuwa nzuri sana, mliweka humo mbegu za maharage mkazitundika juu ya moshi, na panya hawakuzipata. Ulisema Mwanahamisi alivaa kofia yake mpaka ikatoboka, ukaifanya chujio la togwa. Fulana nazo, ulisema, masika zilikuwa balaa. Zikishika ukungu hazikauki, zinakuwa nzito kama mbuzi aliyekufa maji, na watoto wanajikuna mpaka wanatoka vipele. Lakini kipupwe kilipokuja zilifaa. Mzee mmoja jirani, mwenye ugonjwa wa kifua, aliishi humo mwaka mzima. Nilikuwa nakusikiliza huku nahesabu kimoyomoyo kama mwanasheria, hili la kunitetea, hili la kunishitaki.

Kisha ukasema, bila kuacha kupukuchua, "Ila ile ya Semeni ndiyo iliyonisaidia mimi."

Nikakuuliza vipi.

"Niliposikia Salumu ananiomba kuni, nilicheka. Nilipocheka nikasikia njaa. Tangu afe sikuwa nimesikia njaa. Nilikuwa nageuka niombe ugali, ukasimama wewe." Ukapuliza maganda mkononi. "Ikakatika. Ikanichukua siku mbili nyingine kuipata."

Wewe ukaendelea kwa sauti ileile ya kusimulia habari za sokoni: "Na kabla ya hapo siku tisa nilikuwa nasikiliza njiani. Mbwa akibweka nasema, huyo Luisia."

Kengele ya kanisa ikagonga, nikainuka nikaenda kusali. Nilikuwa na neno la kukuambia, nikaona litangoja. Kesho yake ukapanda mlima na chumvi yako na kipande cha kaniki nilichokupa. Kipupwe kikakushika kifua, nami habari zikanifikia ukiwa umekwisha kuzikwa. Safari hiyo nilikimbia, dada. Nilikwenda na nguo niliyokuwa nimeivaa. Haikunifaa kitu.

Sasa sikiliza linaloniuma leo. Katika wasichana wangu yuko mmoja aitwaye Rosa. Ni mtoto wa bondeni kulekule ambako mto umepita. Mama yake yu hai, lakini nyumba imekwenda na mahindi yamekwenda. Rosa hukaa mbele kabisa, na tangu juzi anafuma uzi umekazwa mno, kama mtu anayefunga mzigo. Jana alikuja mezani kwangu akaomba ruhusa aende kwa mama yake. Nami nikamwambia, kwa upole kabisa, "Maliza kwanza hiyo fulana, Rosa. Usiende mikono mitupu."

Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akarudi kukaa.

Nililisikia neno lile likitoka kinywani mwangu. Sikulirudisha. Nilikaa nalo jana mchana kutwa nikisahihisha kazi za watu. Nakuambia ili ujue kwamba kujua kosa na kuliacha ni safari mbili, na mimi ya pili huwa nachelewa.

Wasichana wanarudi kutoka kula. Ngoja nikamwone Mama Mkuu kabla sijajibu ndiyo nyingine.

Asubuhi.

Nilikwenda. Nilimweleza yote, ya Bi Semeni na ya kuku na ya shamba lililopandwa nusu. Alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya mikono ya nguo yake. Sikujua kama anaelewa utani ni nini. Mimi mwenyewe niliyezaliwa nao nilishindwa kuuelewa. Nilipomaliza aliniuliza, "Basi nguo hizi hazisaidii?"

Nikamwambia zinasaidia. Zifumwe, zipelekwe kipupwe kikikaribia, na soksi ziwe nyingi kwa ajili ya mbegu. Lakini hivi sasa kule kuna matope ndani ya nyumba, kuna mashamba ya kupanda upya kabla mvua haijakata, na kuna watu wanaotaka kuona sura za watoto wao. Nikasema tukipeleka kitu, atakayekipokea asiulizwe amekitumiaje.

"Na wale wa Ulaya niwaandikieje?"

Nikamjibu sijui, Mama. Hilo lilikuwa jibu langu la kwanza lisilo ndiyo tangu nije hapa. Halafu akauliza ghalani kuna majembe mangapi.

Basi tunaondoka asubuhi hii, wasichana sita na mimi, na majembe na gunia la mbegu. Fulana ya Rosa imebaki kitini na mkono mmoja. Nimewaambia wote kwamba tukikuta watani matangani wanachezea kitu chetu chochote, atakayefungua mdomo kuwakemea atarudi peke yake kwa miguu. Wakanitazama kama nimepatwa na homa.

Lakini lile neno nililolibakisha mwaka jana uani, kengele ilipogonga, bado sijakuambia. Nimezunguka kurasa hizi zote nikilikwepa. Ni hili. Nilikuwa na miguu, dada. Njia ilikuwa inapitika, yule muuza ndizi aliipita. Sista alinishika mkono mara moja tu, akaniachia. Ningeweza kuwa kwako siku ya pili. Nilibaki kwa sababu kola ilikuwa bado, na nilitaka uione kazi yangu uisifu. Hukuisifu. Nami sikukusamehe hilo mpaka ulipokufa.

Nisamehe wewe. Pumzika, Chausiku, na uwasalimie shemeji na mama. Mwanahamisi ni mzima, kipupwe nitapanda kumwona na nitakaa. Rosa yuko mlangoni, jembe begani, ananiuliza kama bado naandika. Nakwenda.

Mimi mdogo wako,
Luisia